Asilimia Tisini Zinamtosha Kaka

Mtaa mzima humwita kaka yangu Mtaalamu, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ana chumba cha kona chenye kompyuta tatu zilizochoka na feni inayolalamika kuliko wateja. Anachapa, anatoa kopi, anapakua mafaili ya watu. Kumaliza kitu ndiko hajui. Shule aliiacha mwaka wa mwisho, nyumba yake ina kuta bila paa, na hata kwenye mazishi huondoka kaburi halijafukiwa.

Dada yetu aliolewa mbali, akatuma picha zote za harusi ndani ya faili moja lililobanwa, kwa ajili ya Mama. Macho ya Mama yalikuwa yanazimika. Daktari alishasema wazi kwamba yakienda hayarudi, na Mama alitaka kumwona mwanawe akiwa bibi harusi kabla giza halijamfunika. Kazi hiyo, kwa bahati yetu mbaya, akapewa Mtaalamu.

Faili likagoma kufunguka.

"Kompyuta ya zamani hii, mdogo wangu," akaniambia. "Haiwezi mafaili ya kisasa."

Akaweka programu nyingine ya kufungulia. Likagoma. Akabadilisha jina la faili, akaliita picha, kana kwamba mbuzi ukimwita ng'ombe atatoa maziwa zaidi. Likagoma. Wiki zikapita, na kila nikiuliza, kosa ni la kompyuta. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Mwishowe nikaenda kukaa naye akilipakua upya. Mstari wa kupakua ulipokaribia kujaa, bwana mkubwa akachomoa modemu.

"Mbona unakata?"

"Nabana bando. Kilichobaki ni makombo tu."

Nilitaka kumzaba kibao. Faili la namna ile huweka orodha ya vilivyomo mwishoni kabisa. Ukilikata mkia, kompyuta haijui ianzie wapi, iwe mpya au kuukuu. Kazini kwangu tulifundishwa hilo siku ya kwanza, na hakuna anayetuita wataalamu. Nikamsukuma pembeni, nikaanza upya, nikasubiri mpaka mwisho kwenye kompyuta ileile aliyoitukana. Likafunguka.

"Leo imeamua tu," akasema. Kisha, bila haya: "Halafu unajisumbua bure. Mama ameshaziona."

"Ameona nini?"

Mwezi uliopita, alipochoka kuulizwa, alikuwa amemwonyesha picha za harusi ya mteja.

"Macho yenyewe yale," akasema. "Angejuaje?"

Nimewadharau watu wengi maishani, lakini sijawahi kumdharau mtu kiasi kile. Nikazihamishia picha kwenye simu, nikaenda kwa Mama.

Akaisogeza simu karibu na pua, akaigeuza huku na huku, akanirudishia taratibu.

"Naona mwanga tu, mwanangu."

"Mama, zile alizokuonyesha kaka..."

"Yule bibi harusi hakuwa mwanangu. Wakati ule nilikuwa bado naona kidogo. Nilinyamaza nisimwaibishe kaka yako."

Akapapasa kitandani mpaka akaupata mkono wangu.

"Sasa nisimulie wewe. Na usinidanganye."