Ruhusa ya Kumfuata Mume

Mwongozo mpya wa kufundisha ndoa na familia ulifika shuleni wiki ile ile ambayo Mwalimu Atupele alikataliwa uhamisho kwa mara ya tatu. Alikuwa anaomba kutoka Tunduma amfuate mumewe, Barnaba, naye mwalimu, aliyepangiwa Ibaba, kule juu milimani Ileje. Mkoa ni huo huo mmoja, lakini mwaka wa tano sasa kila mtu alikuwa na kitanda chake. Jibu halikubadilika: hakuna wa kuziba nafasi yako, endelea kusubiri.

Mkuu wa shule, Mwalimu Gasper, alimwita ofisini akamsogezea kile kijitabu.

"Madam, hii nimekupa wewe. Umefunga ndoa kanisani, umetulia, huna maneno na mtu."

"Mkuu, mimi ni mwalimu wa Jiografia."

"Najua. Lakini kipindi kimeshaingia kwenye ratiba, lazima mtu akishike. Semina ni Vwawa, siku tatu, na kila shule inatoa mmoja tu."

Alikwenda. Kwenye semina waliambiwa wafundishe kilichoandikwa, wasichanganye na mambo ya nyumbani kwao, na swali lolote lililo nje ya mada liandikwe pembeni lipelekwe ngazi ya juu. Atupele aliandika yote. Alipofika kwenye sentensi isemayo wanandoa huishi pamoja na kulea watoto wao kwa kushirikiana, alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Kidato cha Pili walikuwa sabini na mmoja. Nusu yao baba zao ni madereva wa malori, au wana maduka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, na nyumbani huonekana kwa nadra. Atupele aliisoma sentensi ile haraka haraka, akitaka kuruka ukurasa, ila Brenda wa dawati la mbele alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Madam, na wasioishi pamoja?"

"Mwongozo haujasema."

"Kwa hiyo hao siyo wanandoa?"

"Andika swali lako, nitalipeleka."

"Utalipeleka wapi, madam?" Darasa likacheka. Brenda hakucheka, mama yake alikuwa peke yake na watoto wanne tangu baba aende ng'ambo mwaka juzi. "Kwani wewe mume wako anaishi wapi?"

Hasira zilimpanda Atupele, lakini si juu ya yule binti. Alikifunga kijitabu.

"Anaishi Ibaba. Namuona kila baada ya wiki mbili. Na ni mume wangu. Mama yako naye ni mke wa mtu, asikudanganye yeyote. Haya, tuendelee."

Jioni hiyo aliandika barua ya nne, akaambatanisha nakala ya ukurasa ule, sentensi imepigiwa mstari mwekundu. Mwalimu Gasper aliisoma, akavua miwani.

"Madam, unataka uchekwe?"

"Nataka nisomwe."

Mkuu aligonga muhuri huku akiguna.

Jibu lilichukua wiki sita. Ombi lake halikukubaliwa, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu pekee shuleni hapo aliyepata mafunzo ya mwongozo wa ndoa na familia. Atupele aliisoma barua mara tatu, amesimama mlangoni.

"Mkuu, yaani nimezuiwa kuishi na mume wangu kwa sababu nafundisha watu kuishi na waume zao?"

"Usiliseme hivyo."

"Nilisemeje? Nisaidie."

Mwalimu Gasper akajifanya anatafuta faili.

Ijumaa alipanda gari la abiria, Noah, mpaka Itumba, akamalizia na pikipiki kwenye ukungu, tope limemrukia mpaka kwenye gauni. Barnaba alipoisoma barua alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona machozi ya mkewe, akaacha.

"Pole, mke wangu. Sasa tufanyeje?"

"Wamesema niko peke yangu. Basi nitawatengenezea wa pili."

Jumatatu akamshika Mwalimu Andongwisye, kijana wa Hesabu aliyeajiriwa mwaka jana. Kila siku baada ya vipindi alimkalisha, wakapitia kijitabu mstari kwa mstari.

"Lakini madam, mimi hata mchumba sina."

"Soma tu. Ukurasa wa tisa."

Walimaliza kwa mwezi mmoja. Atupele akaandika barua ya tano, akimtaja Andongwisye kuwa anaweza kushika somo tangu kesho. Kwenye ofisi ya elimu waliipokea, wakauliza kama kijana huyo ana cheti cha semina. Hana. Na semina nyingine itafanyika lini? Bado haijapangwa.

Ratiba ya muhula mpya imebandikwa juzi. Ndoa na familia, Kidato cha Pili, Jumanne na Alhamisi: Madam Atupele.