Xavérine, Mbebaji wa Hamu za Wajawazito

Saa moja asubuhi, foleni ya Grande Barrière, kituo cha mpakani cha kuingilia Goma, imeshafika hadi barabara ya ziwani. Xavérine Nyiraneza amesimama na beseni tupu kichwani, mtoto mgongoni. Askari anakagua kibali chake, anamtazama mtoto, kisha anampisha kuingia Goma.

Kabla ya adhuhuri amerudi. Beseni lina ndimu, maembe mabichi na pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito hutafuna. Haendi navyo sokoni. Anapita nyumba kwa nyumba mtaani kwake Mbugangari, kwa wanawake wenye mimba, akiwauliza wanatamani nini.

Pulchérie, ambaye mimba yake ina miezi minane, anataka njegere mbichi. Leo hazipo.

"Bon, nitamutuma Viateur kule Busasamana," anasema, akimtaja mumewe.

"Usimutume," Xavérine anajibu. "Ngoja kesho. Mi nitazitafuta Goma."

Pulchérie habishi. Mtaa mzima unajua sababu.

Mwaka jana, 1998, vita vya waasi na jeshi vilipokuwa vimechacha vilimani, Xavérine alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alitamani udongo wa ukuta wa jiko la mama mkwe wake, Nyirabahire, huko Busasamana. Ukuta ule ulinukia moshi wa miaka mingi. Alijaribu kubandua wa jiko lake mwenyewe, akautema.

"Mi sikusema nataka," anasimulia. "Huku kwetu mama wa mimba hasemi vile. Anasema mutoto iko anaomba. Na baba hawezi kumunyima mutoto yake."

Mumewe, Munyakazi, fundi wa baiskeli, alicheka, akavaa koti, akaenda. Gari alilopanda wakati wa kurudi lilishambuliwa njiani. Ni nani waliofyatua risasi, hakuna aliyemwambia Xavérine mpaka leo.

Majirani walimletea koti. Mfukoni mlikuwa na udongo, umefungwa kwa jani la mgomba.

"Nilikula," anasema. Anamshusha mtoto, anamfunga upya mgongoni, ndipo anaendelea. "Siku ileile. Nalia, nakula. Bwana amekufa, lakini hamu iko palepale. Hakuna mutu alikuwa ameniambia inaweza kuwa vile."

Kwenye mazishi, Nyirabahire alimwambia mbele ya waombolezaji, "Tumbo lako limemla mwanangu." Tangu siku hiyo hawajazungumza.

Binti, Kamikazi, alizaliwa akiwa mdogo mno, na kwa wiki nyingi mama yake hakuwa na maziwa ya kutosha. Xavérine alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Kisha jirani mmoja mjamzito akamwambia anataka kumtuma mumewe ndimu, ng'ambo ya mpaka. Xavérine akamkatiza, akaenda yeye. Kazi ikaanzia hapo.

Si kazi ya kutajirisha. Siku mpaka ukifungwa, jioni wanakunywa uji mwepesi na kulala.

Sasa magari yameanza tena kwenda Busasamana. Maharage yakishavunwa, Xavérine anakusudia kumpeleka Kamikazi kwa bibi yake, ambaye hajawahi kumwona.

Na akifukuzwa?



"Mi nitabaki inje, kwa mulango," anasema. "Asinisalimie. Amushike tu mutoto."