Lorraine Akielekeza Gari

Kambini kwetu, huku jangwani Arizona tunakokimbilia baridi ya kaskazini ikianza, mtu akirudisha gari-nyumba lake nyuma kwenye kiwanja alichopangiwa, majirani wote hutoa viti nje. Tunajifanya tunakunywa kahawa. Ukweli ni kwamba tunangoja ugomvi. Mume yuko kwenye usukani, mke yuko nyuma anapunga mikono, na muda si mrefu mtu keshaitwa kipofu. Adabu inasema usicheke kwa sauti, usikanyage kiwanja cha mwenzio bila kukaribishwa, na kubwa kuliko yote, usiingilie mke na mume wanaoegesha. Hata wakielekea kwenye nguzo ya umeme, wewe angalia kahawa yako.

Lorraine Haugen hakutupa burudani hiyo. Alikuwa karani mstaafu wa posta kutoka Minnesota, mfupi, mwenye mdomo. Alisimama pale ambapo Arvid, mumewe, angemwona kwenye kioo cha pembeni, akapunga mkono mmoja tu, na lile dude refu likaingia taratibu kama mkate kwenye oveni. Arvid alipenda kututambia kwamba amepata utingo wa bure. Lorraine alimjibu kwamba hata dereva mwenyewe aliokotwa tu.

Kisha akaanza kusahau. Kwanza majina yetu, halafu jiko likiwaka. Arvid akamnyang'anya funguo, akamnyang'anya jiko, mwisho hata dawa akawa anampa mkononi kama mtoto. Kuelekeza gari hakumnyang'anya. Ndiyo kazi pekee iliyombakia, na siku ya safari aliizungumzia tangu asubuhi. Mwaka juzi alimpungia arudi, arudi, mpaka wakang'oa bomba la maji. Sote tukaangalia kahawa zetu. Arvid akashuka akasema kosa ni lake, na Lorraine akamwamini.

Novemba iliyopita, kabla hawajafika, Arvid alimpigia simu mume wangu, Duane. Alimwomba asimame nyuma ya Lorraine, mbali kidogo, apunge mkono na yeye. Lorraine angepunga kivyake, Arvid angemfuata Duane, na mama wa watu asingejua. Nilimwambia Duane kwamba silipendi jambo hilo. Akaniuliza, likivunjika bomba lingine, nani atamwambia yule mwanamke apumzike?

Walifika mchana. Lorraine akashuka, akanyoosha blauzi yake, akasimama mahali pake. Duane akanyata nyuma yake. Gari likaanza kurudi. Macho ya Duane yalikuwa chini, kwenye bomba na nguzo, mkono wake ukisema njoo, njoo. Mara Lorraine akanyoosha kiganja.

"Simama, Arvid. Tawi hilo."

Gari halikusimama. Tawi kavu likachana paa kwa mlio uliosikika kambi nzima. Siku hiyo Lorraine alikuwa sahihi, na ni yeye peke yake aliyekuwa ametazama juu.

Akageuka kutafuta mtu wa kumuuliza kulikoni, akamkuta Duane, mkono bado uko hewani. Alimtazama sana. Akili iliyokuwa haikumbuki hata chai ya asubuhi, hilo ililielewa lote.

"Kumbe Arvid anakuangalia wewe," akasema. "Tangu lini?"

"Leo tu, Lorraine. Kweli tena."

Akaligeukia bomba la maji. "Basi lile bomba nililivunja mimi."

Akatembea mpaka mbele, akapanda, akakaa kiti cha abiria. Gari lilikuwa bado limekaa upande, nusu barabarani, na ilibidi lisogezwe mbele lirudishwe upya. Arvid alishuka analia, wala hakujificha, akasimama mlangoni kwa mkewe.

"Rudi mahali pako, Lori. Nitakuangalia wewe tu."

Lorraine akafunga mkanda.

"Mwite Duane," akasema. "Mimi umeshanistaafisha."