Siku Nne za Mumbua

Kuna Jumanne moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Wakati huo nilikuwa supavaiza wa chumba cha baridi cha kuhifadhia maua katika shamba moja huku Ruiru. Cheo nilikuwa nimekipata miezi mitatu tu, na kilikuwa kimeniingia kichwani. Hata kutembea nilikuwa nimebadilisha.

Chini yangu alikuwako msichana aitwaye Mumbua. Alikodi chumba mtaa wa Kiuu, na mama yake alikuwa mkulima mashariki ya Thika. Mumbua alizoea kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini akipanga maua. Wiki hiyo hakuimba. Alikuwa akikohoa huku ameshika mbavu.

Asubuhi hiyo aliniletea karatasi ya kliniki. Daktari alikuwa ameandika kwamba ana nimonia, apumzike siku nne.

"Madam, hata kupumua naumia," akaniambia.

Nikafikiria oda ya sikukuu ya wapendanao na meneja aliyekuwa akitupigia kelele tangu alfajiri. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni.

"Maliza wiki hii tu, Mumbua. Oda ikienda nitakupa hata siku sita."

Hakubishana. Getini kulikuwa na watu kila asubuhi wakitafuta kazi, naye alijua. Akafunga koti lake, akaingia kwenye baridi.

Linaloniuma ni kwamba sheria niliijua. Tulikuwa tumefundishwa kuwa aliyemaliza miezi miwili kazini, akiugua na akileta barua ya daktari, kila mwaka anapewa siku saba za kupumzika kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu. Niliijua, nikaiweka kando kwa sababu ya maua.

Ijumaa Mumbua akaanguka kati ya maboksi. Tulimkimbiza hospitali Thika kwa pikapu, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Jumapili akafariki.

Meneja aliniita ofisini. "Wewe hukuona karatasi yoyote, sawa?"

Nikasema sawa. Na afisa wa leba, yule wa serikali anayesimamia haki za wafanyakazi, alipokuja kuuliza, nikamjibu hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

Siku ya mazishi mama yake alinishika mikono yote miwili. "Aliniambia uliahidi kumpumzisha," akasema. "Asante kwa kumhurumia mtoto wangu."  Nikapanga laini na wengine, nikala chakula cha matanga yake.

Kwa wiki tatu sikulala vizuri. Mwishowe nilichukua ile karatasi, nikaenda ofisi ya leba Thika, nikaeleza yote. Nilifutwa kazi, na shamba likalazimishwa kuwapa wagonjwa likizo yao. Kisha nikaenda kwa mama yake Mumbua, maana hakustahili kuyasikia kwa watu. Alikuwa ameketi nje akichambua ndengu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na mikono yake ikasimama.

"Si ungempa tu hizo siku nne," akasema.

Akaingia ndani, akafunga mlango. Hakunitukana, na hatujawahi kuonana tena.

Sasa wewe, mwanangu, unaniambia una homa na kesho utaingia shifti kazini kwako pale Kamakis kwa sababu bosi atakasirika. Acha akasirike. Mpigie simu mapema umwambie unaumwa. Nenda kwa daktari, akupe barua, uipige picha kabla hujaikabidhi kwa mtu yeyote, maana barua yaweza kulala mfukoni mwa mtu kama mimi. Akikukatalia, ofisi ya leba iko, na kwenda kueleza si utovu wa adabu. Sheria iliandikwa kwa ajili yako, lakini haiwezi kukufuata kitandani. Ni lazima wewe au mwenzako aitaje. Na ukiona mwenzako anaugua kazini, usinyamaze ukidhani supavaiza ameona. Mimi niliona.

Mungu akupe kifua kizima na kazi yenye utu. Na siku utakapokuwa bosi, mwanangu, akupe moyo wa kumwambia mgonjwa: nenda nyumbani ulale, kazi tutaifanya sisi.