Maziwa ya Mla Majani

Nyanya yangu alimpenda muuza mboga kuliko alivyotupenda sisi. Nimelikana jambo hili kwenye harusi, kwenye matanga, na mara moja mbele ya mwanafunzi aliyekuwa akifanya utafiti kuhusu familia za Isiolo, ambaye nilimweleza kwa ufasaha mkubwa kwamba kwetu damu ndiyo kila kitu. Aliandika yote. Natumaini hajahitimu. Na watu wakiniuliza kwa nini mwili wa nyanya ulitolewa kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, huwaambia kwamba wiki hiyo nyumba yetu ilikuwa ikipakwa rangi.

Tulimwita akko, kama Waborana wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mrefu, mkavu, na ulimi wake ulikuwa umemkwaruza kila mtu wa ukoo. Shangazi yangu, binti yake wa kwanza, aliambiwa siku ya harusi yake kwamba mahari ile ilikuwa ya huruma. Mimi niliporudi kutoka Nairobi na shahada mbili bila mume, akko alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akauliza, "Hivyo vitabu vimekula nini kingine?" Tulimpenda. Wiki ikiisha kabla hajakutukana, ulijiona umesahauliwa.

Kwa miaka mingi aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Kando yake alikaa mwanamke mmoja Mmeru, Mkristo, mjane, muuza sukuma wiki na ndizi, aliyeishi nyuma ya soko katika chumba chenye kitanda kimoja. Akko alimwita Mla Majani. Yeye alimwita akko Shingo ya Ngamia.

"Leo pia hujafa?" mmoja angeuliza asubuhi.

"Nakungoja utangulie. Mimi naogopa giza."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Salaam aleikum na habari waliwaachia wateja. Kuna wakati mji uligawanyika, watu wa upande mmoja wakaogopa kuvuka kwenda upande wa pili. Mla Majani akavuka, akauchukua mtungi wa akko, akaenda kumuuzia maziwa upande wake. Jioni alirudisha mtungi mtupu akisema ameyamwaga yote, yalikuwa yananuka. Akko alicheka hadi akashika ukuta.

Miguu ya akko ilipokataa soko, Mla Majani akaanza kumletea maziwa nyumbani. Sasa, kwetu maziwa hayamiminwi tu. Kibuyu hufukizwa kwanza: vijiti vya mti unaofaa huchomwa, kaa linatiwa ndani, kibuyu kinatikiswa mpaka kinywe moshi, kisha kinapanguswa. Ni kazi ya binti. Mama akizeeka, watu hunusa maziwa yake ili wajue kama alizaa watu au alizaa mizigo. Mla Majani alifukiza kibuyu kama mtu anayechoma takataka. Maziwa yake yalikuwa machungu, na chembe nyeusi zilielea juu. Nimeyaonja. Akko alikuwa akipiga funda moja na kukunja uso. "Umeniletea makaa," angesema, kisha anywe yote na kulamba ukingo.

Kisha serikali ya kaunti ikaja. Kaka yangu akapata kazi katika ofisi mpya, akajenga nyumba ya vigae vyeupe upande wa kwenda Ngaremara, nasi tukamhamishia akko huko. Aliuliza choo kiko wapi. Alipoonyeshwa kwamba kiko ndani, akasema, "Kula na kunya chini ya bati moja. Hayo ndiyo maendeleo."

Shangazi alihamia huko kumtunza, na jambo la kwanza alilofanya ni kulinda lango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa binti wa kwanza, na majirani wapya walikuwa karibu kusema kwamba mama yake anazeeka kwa maziwa ya muuza sukuma. Hilo lilimuuma kuliko lile la mahari. Kwa hivyo Mla Majani alipotokea na kibuyu chake kwapani, shangazi alimwambia, "Mama amelala."

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika birika, nikitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. Akko alikuwa chumba cha nyuma, macho makavu, akimtukana paka.

"Akiamka," Mla Majani akasema, "mwambie nilikuja kuona kama amekufa."

Akaja tena. Amelala. Akaja tena. Amelala. Akaja mara ya mwisho. Aliweka kibuyu chini kando ya lango akaenda zake, na shangazi akayamwaga yale maziwa kwenye sinki.

Akko hakuuliza. Aliacha tu kunywa. Nilijitolea kufukiza kibuyu mwenyewe, nikatumia vipande vya mbao vilivyobaki mafundi walipomaliza samani za jikoni. Akko alinusa. "Nani amechoma kabati?" Shangazi akaniondoa kazini, akamleta jamaa yetu mmoja kutoka Garbatulla, mwanamke ambaye maziwa yake husifiwa hadi na mashemeji. Yalikuwa laini, matamu, na moshi wake ulikuja mwishoni kama mgeni mwenye adabu.

"Mazuri sana," akko akasema, akampa paka.

Paka akanenepa. Akko akapungua hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Daktari alisema hana ugonjwa, ana umri tu. Alasiri moja shangazi alipiga magoti kando ya kitanda, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akalia.

"Mama, niambie unataka nini. Kuna nini ambacho sijafanya?"

"Umefanya yote," akko akasema. "Mnaniosha, mnanilaza, mnanong'ona. Mmeshanizika, mmesahau udongo tu."

Shangazi akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akanigeukia.

"Mpigie yule mama. Wewe ndiye umesoma."

Chuoni hatukufundishwa kuomba msamaha kwa niaba ya familia, lakini namba nilikuwa nayo. Nikapiga, nikaweka simu kwenye spika. Ililia hadi nikatumaini haitapokelewa.

"Nani?"

Nikajitambulisha kwa jina na jina la baba.

"Nani?"

"Mjukuu wa Shingo ya Ngamia."

"Haya."

Nikaeleza kwamba akko hali wala hanywi, kwamba tulikosea pale langoni, kwamba tunamwomba aje. Niliongea vizuri, kwa aya. Upande wa pili kuku alikuwa akilalamika.

"Kwani ameamka?" akauliza.

Shangazi akatazama vigae. "Ameamka, mama."

"Basi mwambieni mimi nimelala."

Nilikuwa nimeshanyoosha kidole nikate simu, kwa kuwa jibu lilikuwa la haki, nikasikia sauti kitandani. Nilidhani ni kikohozi. Akko alikuwa ameushika ukuta kwa mkono mmoja, anacheka, mabega yote yanaruka. Akanyoosha mkono mwingine aletewe simu, akaiweka karibu na mdomo.

"Basi sogea," akasema.