Sista Zénobie wa Viti Kumi na Viwili

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941, katika shamba la viazi vitamu nje ya mji wa Opelousas, Louisiana, mtoto wa sita wa Placide na Ernestine Guillory, Wakatoliki weusi waliosali kwa Kifaransa na kugombana kwa Kifaransa hicho hicho. Mama yake alifariki kwa ugonjwa wa figo Zénobie akiwa na miaka kumi na mitatu. Tiba haikuwapo, binti alikaa kando ya kitanda akimpepea hadi mwisho. Baadaye, alipoulizwa jinsi Mungu alivyomwita, hakusimulia maono. Alisema alitaka kujifunza kazi nyingine zaidi ya kupepea.

Aliweka nadhiri mwaka 1962, akasomea uuguzi, na mwaka 1974 akapelekwa kwenye chumba kipya cha kusafishia damu: viti kumi na viwili, mashine kumi na mbili, wauguzi wawili. Mashine huosha damu na kuvuta maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa. Ikivuta kuliko mwili unavyostahimili, presha huporomoka, na mgonjwa anaweza kwenda kimya kimya kama anayesinzia. Kwa hiyo presha hupimwa tena na tena. Kazi hiyo haina utukufu wowote, na ndiyo iliyomtakasa.

Tusifiche anguko lake, kwa maana yeye mwenyewe hakulificha. Ijumaa Kuu ya mwaka 1979 muuguzi mwenzake hakufika. Sista Zénobie, akikimbia kutoka kiti hadi kiti, aliandika presha ya Bi Ozite Lavergne kabla ya kuipima. Asubuhi nzima ilikuwa 130, akaandika 130, akakusudia kurudi. Hakujua kwamba Bi Ozite alikuwa amefunga kwa heshima ya siku hiyo, akameza vidonge vyake vya presha tumbo likiwa tupu, na hakumwambia mtu. Aliporudi, mama huyo alikuwa ameshakata roho.

Jioni ile ile alikwenda kwa wafiwa, akasimama jikoni, akawaambia yote. Aliomba aondolewe kwenye chumba kile. Verna, binti wa marehemu, ndiye aliyemzuia. "Sasa unataka kutukimbia? Mjomba wangu anakaa kiti cha nne Jumatatu. Rudi ukamwangalie."

Alirudi. Tangu siku hiyo hakushika kalamu mkanda wa presha ukiwa bado haujafungwa mkononi mwa mgonjwa. Alipima kila robo saa. Alimuuliza kila mmoja amekula nini na amemeza nini, na waliodanganya kuhusu kamba wa chumvi wa jana aliwanusa vidole. Hakumruhusu mtu kwenda nyumbani kabla ya kusimama na kupimwa akiwa amesimama, hata dereva apige honi namna gani. Kila Kwaresima alimfuata paroko atangaze kwamba wagonjwa wa mashine wasifunge. Mwaka mmoja paroko alisita, naye akamjibu: "Padre, hawa wanahesabu matone ya maji ya kunywa mwaka mzima. Wewe umefunga nini?" Tangazo likasomwa.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1994. Zililetwa mashine zinazopima presha zenyewe kila nusu saa, pamoja na meneja mpya, Bwana Darrell Huval, aliyependa zamu ziende haraka. "Sista, mashine inapima. Wewe unazungukazunguka nini?"

"Itapima saa yake ikifika. Mtu hasubiri saa ya mashine ndipo azimie."

Kwa neno hilo alihamishiwa stoo, ahesabu vichujio vya mashine. Alitii miezi minane, nasi tunaopenda kujibizana tulitazame hilo pia.

Julai 1995 alikuwa akisukuma maboksi kupita kiti cha tisa, alipokaa mzee Alcide Prudhomme, mpiga kodiani. Kila alipomwona Sista, mzee huyu alimchokoza: "Sista, mchumba bado hajafika tu?" Siku hiyo hakusema kitu. Alikuwa amejifunika shuka la viraka hadi kidevuni, akapiga mwayo, kisha mwingine. Sista aliacha maboksi.

"Yuko sawa, Sista," alisema Latrice, msichana wa zamu. "Angalia, 126."

"Hiyo ni ya dakika ishirini zilizopita. Mfunue. Laza kiti, miguu juu. Zima kuvuta maji!"

Alipima mwenyewe: 64. Alifungua maji ya chumvi yaingie kwenye damu, akashika kiganja cha mzee, akamwita kwa jina. Meneja alitokea mlangoni akiuliza nani amemruhusu kutoka stoo. Ndipo mzee Alcide akafumbua macho.

"Darrell, nyamaza. Huoni watu wanafufuka hapa?"

Presha ilirudi 98, kisha 110. Bwana Huval alitazama ile 126 iliyokuwa ingali kwenye kioo cha mashine. Kesho yake Sista alirudishwa chumbani, na robo saa ikawa sheria.

Alifariki tarehe 3 Februari 2008, kwa ugonjwa wa moyo. Katika miaka yote kumi na miwili na ushei tangu siku ya mzee Alcide, hakuna aliyefia kitini mle. Wapo wanaosimulia kwamba, wakianza kulegea, huhisi vidole vikavu vikiwashika kiganja. Kanisa halijatamka lolote, nasi hatulitangulii.

Anayetaka kumwiga asianze na mshumaa. Nyumbani mwako yupo mtu aliyejifunika na kusema hajambo. Mfunue uso. Muulize alichokula, na usiondoke kabla hajajibu.