Jani la Isale kwa Mwalimu Tabitha

Mimi Kalisti nimekuwa makamu mkuu wa shule yetu ya kata, hapa Kibosho juu, kwa miaka tisa. Wakuu watatu wamenipitia. Kila mmoja alipoondoka nilipiga pasi suti yangu ya kahawia nikisubiri barua ya uteuzi, na barua ikaja na jina la mtu mwingine. Mara ya mwisho lilikuwa jina la mwanamke kutoka Makete, Mwalimu Tabitha Sanga, ambaye hata mgomba wa pombe ya mbege na wa ndizi za kupika hajui kuutofautisha.

Nasema wazi: nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza.

Mwanzoni nilicheka. Mkuu gani huyu anabeba kigoda cha plastiki, anakwenda kukaa nyuma ya darasa kumsikiliza mwalimu wa hesabu kipindi kizima? Hakumkemea mtu mbele ya watoto. Kipindi kikiisha humwita mwalimu pembeni: "Kaka, pale kwenye vipeo uliwaacha wengi. Kesho tuingie wote wawili." Na kesho yake kweli anaingia, vidole vyeupe kwa chaki. Msimu wa kahawa, watoto walipotoroka, hakuwafuata na fimbo. Alikwea mwenyewe hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani ya wazazi, akakubaliana nao kwamba buni zichumwe Jumamosi. Halafu akawaita kikaoni, akawaomba walete mahindi na maharage, mwenye ndizi alete ndizi, watoto wale mchana. Wazazi wakakubali kwa kunyoosha mikono, hakuna aliyelazimishwa. Muhtasari wa kikao hicho niliuandika mimi.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, sifuri zilikuwa zimeshuka kutoka arobaini na moja hadi tatu. Wazee ambao nimewafundishia watoto miaka yote wakanipita mlangoni, wakaenda kumpa yeye mkono. Hata mke wangu Anyesi, ndani ya nyumba yangu, akasema, "Yule mama ana kipaji, baba Fredy." Nikasusa kiburu changu cha ndizi na maharage, nikashinda na njaa kwa hasira.

Basi mwezi wa tano ofisi ya wilaya ikapiga simu. Kuna mtu amelalamika kwamba mkuu anawalazimisha wazazi kutoa chakula. Mwalimu Tabitha alikuwa darasani, simu nikapokea mimi. "Makamu, ni kweli?" Muhtasari ulikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko changu. Nikajibu, "Hayo muulizeni mwenyewe." Mwalimu Tabitha aliponiuliza muhtasari uko wapi, nikamwambia nautafuta.

Jiko la shule likafungwa hadi suala liamuliwe. Yeye akaitwa wilayani kujieleza, wiki nzima, na mimi nikakaimu. Hatimaye nikakalia kile kiti.

Sikukifaidi. Ikifika saa nane mchana kidato cha nne wamelala juu ya madaftari. Jaribio la hesabu la Ijumaa, nusu ya darasa walipata chini ya thelathini, wakati mwezi uliopita walikuwa wanne tu. Na watoto wenyewe si wa Makete. Ni wa Kibosho, wengine damu yangu kabisa. Aibu ikanishika, ingawa wivu haukutoka.

Jumapili baada ya misa nilikwenda nyumbani kwake na muhtasari, pamoja na jani la isale nililokata mpakani mwa kihamba changu. Kwetu, ukimpelekea mtu isale, hawezi kukataa kukusamehe, hata awe na hasira za namna gani. Wala huhitaji maneno mengi, jani linakusemea. Hilo ndilo nililolitegemea.

Akalipokea kwa furaha. "Ahsante, Mwalimu Kalisti! Nilikuwa natafuta ua la mezani." Akalitia kwenye glasi ya maji.

Ikabidi mdomo ufanye kazi ya jani. "Mwalimu, muhtasari nilikuwa nao siku zote. Niliuficha kwa wivu. Hilo si ua. Kwetu ndilo la kuombea msamaha."

Akaufungua muhtasari, akaufunga. Kisha akalitoa jani kwenye maji, akanirudishia.

"Mimi nimepoteza wiki moja," akasema. "Walioshinda njaa ni watoto. Wapelekee."

Muhtasari ulifika wilayani asubuhi iliyofuata, na jiko likawashwa tena. Siku ya pili yake, kwenye paredi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili nikasimama mbele ya watoto mia tatu, nikakiri. Wao walilijua lile jani, hakuna aliyecheka. Nikawanyooshea. Herieth, dada mkuu, binti wa jirani yangu, akatoka mstarini kulipokea kwa niaba ya wenzake. Mikono yake ilikuwa imeshalikaribia, mara akasita. Akageuka kumtazama Mwalimu Tabitha.

Mwalimu Tabitha akaitikia kwa kichwa. Ndipo Herieth akalipokea.

Nikasamehewa na watoto wa kwetu, kwa jani la kwetu, kwa ruhusa ya mtu wa Makete. Wivu ukanipanda palepale, mkono wangu ukiwa bado umenyooka.